Mama Hapendi Kelele

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani mmoja alikuwa ameegemea dirisha kama aliyesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko wanawake wawili waliokutana safarini walikuwa wakizungumzia malezi.

"Wangu nilimfundisha kujizuia tangu mdogo," alisema mmoja, mwalimu mstaafu. "Hakuna kulialia, hakuna kurukia chakula kabla ya wenzake. Leo ni rubani, dada yangu. Asiyejizuia utotoni anakuja kuhangaika ukubwani."

Mwenzake, aliyepakata chupa ya chai ya kumpelekea mgonjwa hospitalini, alidakia. "Hata mimi wangu nilimsifu hivyohivyo. Akianguka, halii. Akiugua, hasemi. Majirani walinionea wivu. Juzi tumbo lilimsokota kazini kutwa nzima, akavumilia mpaka utumbo ukapasuka. Daktari alipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, 'Mama hapendi kelele.' Mtu mzima na ndevu zake, mwalimu."

"Lakini huko si kujizuia. Huko ni..."

"Basi nionyeshe mpaka uko wapi. Mimi sikuuona."

Fundi alimkumbuka bintiye, aliyeungua na pasi majuzi asitoe hata sauti, naye akamsifu mbele ya wateja. Usingizi wa kujisingizia ukamwisha. Akainama mbele, akingoja jibu.

Treni ikafunga breki. Mama wa mgonjwa akainuka na chupa yake. Mwalimu akamshika mkono, asimwachie mpaka milango ilipofunguka.