Mikono ya Nesi Puring

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Nang Bising, kwenye mashamba ya miwa ya kisiwa cha Negros, Ufilipino, ng'ambo ya zahanati. Kahawa yenyewe ni mahindi yaliyokaangwa mpaka yakaungua. Asubuhi ile walikuwa wanapigilia kibao kipya mlangoni: zahanati imepewa jina la Nesi Puring, binti wa mwenye shamba, nesi wa kwanza kuingia kwenye mabanda ya wakata miwa. Wivu ulitukaba, mimi wa kwanza.

— Hata mimi ningeweza, akaanza Kapteni, ambaye hajawahi kuongoza hata nyati wa kulimia. Mtu amelalia mashuka meupe tangu azaliwe! Lazima auchukie mkeka mchafu.

— Mashuka wapi! Kinanda, akasema Miguu-Fito. Vidole vilivyopiga kinanda tangu utotoni vinapata mshipa wa kuchoma sindano hata gizani.

— Acheni zenu. Ni nyama, akadakia Kitambi. Kwao walikula nguruwe asubuhi, mchana, jioni. Kifua kikuu kikimwona kinampisha njia!

Tukacheka. Estong, fundi wa mikokoteni, hakucheka.

— Upuuzi mtupu. Ile mikono ni ya mama yangu.

Mama yake alikuwa yaya wa Puring. Alilala kwenye jumba kubwa la mwenye shamba, na Estong akalelewa na bibi yake huku mabandani.

— Sisi wa mabandani hatugusi maji mwili ukiwa bado moto wa kazi, mikono isije ikaanza kutetemeka. Lakini kwa Puring mnanyoosha miguu wenyewe! Kwa nini? Anachemsha maji na majani ya mpera, anatia kiwiko kwanza aonje joto, anakufuta mpaka katikati ya vidole, huku anaimba kwa sauti ya chini. Chuo gani kinafundisha hivyo? Ni mama yule! Alimpa yeye yote, mimi akaniletea makombo ya keki. Natamani niking'oe kile kibao.

— Pole, Nong Estong, nikasema, nikimwita kaka kwa lugha yetu.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mgeni na mtoto wake, anangoja zahanati ifunguliwe.

— Samahani, kaka. Mama yako alikuogesha wewe hivyo?

— Mimi? Hata siku moja!

— Sasa umeyajuaje?

Sote tuliikumbuka homa yake ya matumbo ya mwaka jana, na Puring aliyekesha naye na beseni la maji ya mpera.

Estong akaitazama miguu yake, machozi yakimlenga. Nami, ambaye mama yangu alifariki akinizaa, nikajikuta namwonea wivu yeye, si Puring tena.