Lundo la Mama Bado

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bado. Amefariki baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Alikuwa mfugaji wa kuku. Alikuwa mkulima wa maharage. Maisha yake yalikuwa kati ya banda na shamba.

Alipoolewa, alikuja na kuku wake ndani ya tenga. Mama mkwe wake alikuwa na shamba la maharage, udongo umechoka. Bibi harusi alitaka kumfurahisha. Asubuhi moja alizoa kinyesi cha kuku bandani, kingali kibichi, akakimwaga kwenye mashina ya maharage machanga. Hakumwuliza mtu. Wiki haikuisha, majani yakawa ya njano, kingo zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Mume wake, fundi baiskeli, anamkumbuka mama yake akiwa amesimama juu ya tuta, mikono kiunoni.

“Mkwe wangu,” alisema, “maharage hupikwa chunguni. Wewe umeyapika shambani.”

Watu walicheka. Bibi harusi hakucheka. Msimu ule familia ilikula maharage ya kununua, na mbolea yake ikapigwa marufuku shambani.

Basi akajifunza. Mbolea mbichi ya kuku ni kali, huunguza mizizi. Akawa anairundika kivulini pamoja na majani makavu, anainyunyizia maji, anaigeuza. Lundo hupata moto kwa ndani. Likiwa na moto, halifai. Alikuwa akiingiza mkono hadi kwenye kiwiko kulipima. Majirani wakimwuliza kama imeiva, anajibu, “Bado.” Jina likamganda.

Baadaye mama mkwe alimpa tuta moja la pembeni. Alisema hata likiungua, njaa haitawaua. Mama Bado akachanganya mbolea iliyoiva na udongo, akangoja kidogo, ndipo akapanda. Aliweka kiasi tu, maana mbolea ikizidi, maharage hunenepa majani na kusahau maganda. Tuta lile lilizaa. Mama mkwe hakumsifu. Msimu uliofuata alimkabidhi jembe, akaenda zake kukaa kivulini.

Mama Bado ameacha lundo. Siku chache baada ya mazishi, mawingu yalitanda. Fundi baiskeli aliogopa mvua itampita hajapanda, na maharage hayo ndiyo chakula cha nyumba. Akaleta toroli na koleo. Mama yake, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akamwambia angoje. Akapiga magoti kando ya lundo, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akakaa hivyo. Fundi anasema alidhani mama yake anasali. Huenda alikuwa anasali.

Kisha akautoa mkono, akaukung'uta.

“Bado,” alisema.

Toroli likarudi ukutani.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole fundi baiskeli. Tunampa pole mama yake, aliyempoteza mkwe akamlilia kama mwana. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema. Nawe msikilizaji, kama kuna jambo jema unalotaka kumfanyia mtu leo, litazame kwanza kama limeiva. Omba, kisha ulipime kwa mkono wako mwenyewe.

Siku hiyohiyo tulikuwa tumekwenda kutoa pole, na tulipoaga pale nyumbani, matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Lundo lilikuwa bado na joto. Hakuna aliyeligusa.