Ernestine Tibbs na Saini za Shule ya Yucca Bend

Ernestine Lavonne Tibbs, ambaye tumemsindikiza hapa leo Jumamosi tarehe 20 Mei 2017, alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 katika kitongoji cha Pine Cut, kaskazini mwa Louisiana, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Amos Guidry na mama Zenobia. Siku hiyo baba alirudi kutoka kiwanda cha mbao akivuja damu hadi kwenye soksi, amepigwa kwa kosa la kumjibu msimamizi wake mzungu. Mkunga alimhudumia yeye na mama katika chumba kimoja. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto yule alisikia mambo mapema mno, ndiyo maana hakuwahi kuogopa ngumi. Sisi wadogo zake tulidhani ni maneno ya mama tu, mpaka tulipoanza kucheza naye.

Alianza masomo mwaka 1964 katika shule ya weusi ya hapo hapo Pine Cut. Mwaka 1970 wakubwa wa elimu waliifunga, na watoto wakapelekwa kwenye shule ya wazungu upande wa pili wa reli. Madawati ya zamani yalichomwa moto uwanjani, pamoja na vikombe vya ushindi na picha za walimu, na Ernestine, mwenye miaka kumi na miwili, alisimama akatazama mpaka mwisho. Huko kupya basi lao lilipokewa kwa mawe. Wiki ya kwanza alimng'oa mvulana mmoja jino kwa bati la chakula, na mwalimu mkuu akamchapa viboko kumi na tano kwa ubao wenye matundu. Hakulia, na hakuacha shule. Alihitimu Mei 1976.

Mwaka 1977 alihamia Los Angeles kwa shangazi yake, akaajiriwa katika kiwanda cha nyama. Kwa miaka ishirini na minne alikata mabega ya nguruwe, akisimama kwenye baridi saa nane kwa siku. Mwaka 1985 alivunjwa mbavu mbili kwa rungu katika mgomo, na mwaka 1989 mashine ilichukua kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. Mikono yake ilibaki ya mchinjaji hadi kufa. Waliowahi kusalimiana naye wanaelewa.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Otis Tibbs, dereva wa malori. Mwaka wa pili wa ndoa, Otis alimpiga kofi. Ernestine alipakua chakula, akamwekea mumewe, kisha akaketi mbele yake akanoa visu vyake vya kazi, vyote sita, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Otis mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimulia hadithi hii kila sikukuu huku akicheka mpaka machozi, na kwa miaka karibu thelathini hakuinua tena mkono. Walijaliwa watoto wawili, Renard na Yolanda. Mwaka 2004 walihamia hapa Calloway Wells, jangwani, ambako nyumba zilikuwa rahisi. Yolanda alibaki mjini, na tarehe 2 Agosti 2008 aliuawa kwa risasi mbele ya duka la kufulia nguo, risasi ambayo haikulengwa kwake. Mwanawe Maleah, mwenye miaka minne, alikuja kulelewa na bibi. Otis alifariki mwaka 2011, na tangu hapo wakawa wawili tu nyumbani.

Sasa tuseme la shule, maana bila hilo tutakuwa tumezika mtu mwingine.

Shule ya Msingi ya Yucca Bend ilikuwa mbaya. Asikudanganye mtu. Mabomba hayakuwa na maji, walimu walibadilika kama zamu za kiwandani, na msichana wa darasa la tano alipigwa na wenzake chooni mpaka akazimia. Mwishoni mwa mwaka 2011 kijana mmoja mpole alikuja kanisani na karatasi. Alieleza kuwa sheria ya California iliwaruhusu wazazi kuinyang'anya serikali shule iliyoshindwa: zaidi ya nusu wakitia saini, shule inakabidhiwa shirika binafsi liiendeshe kwa mkataba, kwa fedha zile zile za umma. Alisema mahali hapa panahitaji mtu anayeaminika. Ernestine alizichukua karatasi. Kwa wiki saba alipita nyumba kwa nyumba, weusi na Wameksiko, akakusanya saini mia mbili na kumi na mbili. Watu hawakuisoma ile karatasi, walimsoma yeye. Agosti 2012 shule ikaingia mikononi mwa shirika lililojiita Kilele, lenye fulana za njano.

Kilele walileta maji, rangi na vitabu. Alama zilipanda, na hilo lisemwe kwa haki. Walileta pia kanuni ya kimya: watoto walitembea kwenye korido wamekunja mikono kifuani na kujaza hewa mashavuni, ili wasiweze kuongea. Na stoo ya mafagio ikawa chumba cha utulivu, kuta zimepigwa magodoro, komeo lenye kufuli likiwa nje.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2013, mchana, Ernestine alifika kumchukua Maleah, akasikia mtu akigonga ukuta wa kile chumba kwa miguu. Maleah, miaka tisa, alikuwa ameangua kicheko kwenye mstari, hewa ikamtoka mdomoni. Watu wazima wawili walimlaza kifudifudi, mmoja goti mgongoni, mwingine akimkunja mkono, kisha wakamfungia. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Ernestine aliomba ufunguo mara moja tu. Mlinzi akamwambia, "Mama, fuata utaratibu, jaza fomu pale mapokezi." Alishusha ukutani mtungi wa kuzimia moto, akapiga lile komeo mara tano, mlango ukaanguka pamoja na fremu. Mlinzi alipomkamata kwa nyuma, alimvunja taya kwa kiwiko. Alimbeba mjukuu wake mpaka kwenye gari, na polisi walimkuta hospitali, ameketi, mikono mbele tayari kwa pingu.

Alifungwa siku tisini. Alipotoka hakujisifu hata kidogo. Alimwambia mdogo wake Cleophus, ambaye ndiye anayesoma haya, "Cleo, lile komeo nimeliweka mimi. Kalamu ilikuwa ya kwangu." Akaanza kuzirudia nyumba zile zile, kuwaomba watu waondoe saini zao. Baadhi walimfungia mlango. Bwana mmoja wa mtaa wa Creosote alimfungulia mbwa, na kovu la pajani alikwenda nalo. Tisini na saba walikubali. Lakini jaji alisema sheria inaeleza namna ya kutia saini tu, haielezi namna ya kuitoa, kwa hiyo saini haifutiki. Ikabaki kusubiri mkataba wa miaka mitano uishe, na wajumbe watano wa halmashauri ya elimu wapige kura ya kuurefusha au kuuvunja. Maleah alihamishiwa shule ya mji jirani, na kila asubuhi, kwa miaka zaidi ya mitatu, bibi alimwendesha maili ishirini na mbili.

Kikao kilifanyika Jumanne tarehe 2 Mei mwaka huu, jioni, katika bwalo la shule. Kila mzazi alipewa dakika mbili kwenye kipaza sauti. Fulana za njano zilijaza upande mmoja, na wetu upande wa pili. Ernestine alieleza habari za kile chumba. Kabla hajamaliza, Bi Rosalba Echeverría alisimama. Wengi mnamjua, anauza tamale zake za mahindi na nyama Jumapili. Ernestine ndiye aliyemgongea mlango mwaka ule, na mwanawe Abundio, aliyekuwa hajui kusoma, sasa alikuwa wa kwanza darasani.

"Mama Tibbs," alisema, "ulikuja kwangu wewe mwenyewe ukanywa kahawa yangu. Ukaniambia, pigania mtoto wako. Nimempigania. Sasa anasoma, wewe unataka kumrudisha kule kule?"

"Muulize mwanao kama anakijua kile chumba," Ernestine alimjibu.

"Mwanangu si mkorofi kama wa kwako."

Ernestine aliweka kipaza sauti chini akamwendea. Hatutamsafisha leo kwa kuwa amekufa: yeye ndiye aliyeanza kusukuma. Rosalba akaanguka juu ya meza, na baada ya hapo bwalo zima likawa ngumi, wazazi kwa wazazi, watu walioketi benchi moja kanisani wakikabana koo. Meno yalitoka. Mjumbe mmoja wa halmashauri alijificha chini ya meza. Rosalba aliinuka akashika kiti cha chuma, akakizungusha, na mguu wa kiti ukampata Ernestine juu ya sikio.

Damu ilivujia ndani ya ubongo. Alipasuliwa usiku huo huo, akalala siku kumi na moja hospitalini, na katika siku hizo alizinduka mara moja tu, tarehe 7 Mei, kwa muda usiozidi robo saa. Cleophus alimweleza kuwa polisi wanasubiri familia iamue kama Rosalba ashtakiwe, naye, Cleophus, ameshaamua ashtakiwe.

"Muacheni," Ernestine alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 13 Mei 2017, saa kumi na moja alfajiri, Maleah akiwa amemshika mkono wenye vidole vinne. Tarehe 16 halmashauri ilikutana tena, polisi wakiwa milangoni. Kura tatu kwa mbili, mkataba wa Kilele ukarefushwa miaka mitano mingine. Shule haikurudi. Tunaliandika hapa waziwazi ili mtu asije akasema marehemu alishinda.

Juzi Alhamisi, watu wakiwa wamejaa nyumbani kwa msiba, Rosalba alikuja. Cleophus alimpokea barazani kwa kumkamata ukosi na kumbana ukutani, na anakiri hivyo mbele za Mungu na mbele ya Mchungaji. Rosalba hakujitetea. Alisema kuwa baada ya kura alimuuliza Abundio habari za kile chumba. Kijana alimwambia mama yake alale kifudifudi sakafuni jikoni, akaweka goti lake mgongoni mwake, akamkunja mkono polepole mpaka pale wale wa Kilele wanapofikisha. Akamwambia, "Hapa ndipo ukilia wanaongeza." Abundio alikuwa amefungiwa mara nne, akanyamaza, kwa sababu mama alikuwa anafurahia zile alama.

"Nimekuja kutoa saini yangu," Rosalba alisema.

Cleophus alimwambia kuwa saini haitoki, jaji alishasema, na aliyekuwa akizihangaikia yuko kwenye jeneza. Maleah ndiye aliyepita kati yao. Aliingia chumbani kwa bibi akatoka na nakala ya zile karatasi za mwaka 2011, akazilaza juu ya ukuta wa baraza, akatafuta jina lenyewe kwa kidole, akampa Rosalba kalamu. Rosalba alilikata jina lake, akarudia kulikata mpaka karatasi ikatoboka. Kisha Maleah akampisha mlangoni aingie.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Renard, wa Los Angeles. Mjukuu mmoja, Maleah, miaka kumi na mitatu. Wadogo wawili, Cleophus na Odessa. Na majirani wa Calloway Wells, wanaomlilia na wanaomlaumu. Rosalba ameketi safu ya nyuma na mwanawe. Cleophus hajamsamehe, na hajui kama ataweza, lakini hatamtoa.

Ernestine, karatasi zako ziko mezani tangu Alhamisi. Tangu Rosalba aondoke wamekuja wengine thelathini na mmoja, kila mmoja na kalamu yake, na wote wanajua kuwa haisaidii kitu mahakamani. Lala sasa, dada. Mungu akupe ile amani ambayo hapa kwetu hatukukupa.