Msiba Kwanza, Kesi Baadaye: Datius Byabato Anatuaga

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Datius Byabato atazima mashine ya kukoboa kahawa kwa mara ya mwisho, atanawa mikono yake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi katika kiwanda chetu hapa Bukoba. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo amekuwa pia mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Mashine tutampata mwingine wa kuiendesha. Uenyekiti ndio unaotuumiza kichwa.

Kamati ya hafla ilipotafuta wa kuandika wasifu huu, wapo waliosema apewe mtu asiye na maneno mengi. Hakupatikana, nikapewa mimi. Naitwa Mwajuma Omary, mchambuaji wa kahawa na katibu wa tawi, na ndimi niliyefukuzwa kazi mwaka 2011 nikiwa na mimba ya miezi mitano. Bila Byabato leo ningekuwa nakaanga vitumbua sokoni. Si kazi mbaya, ila vitumbua vyangu hata mume wangu, Twaibu, huvila kwa kunionea huruma tu.

Byabato alizaliwa Buganguzi, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni ambacho bado anakihudumia kila mwisho wa wiki. Alikuja Bukoba mwaka 1990 akiwa na baiskeli, godoro la kukunja na imani kubwa sana juu ya nafsi yake, kama kijana yeyote wa Kihaya. Alianza kwa kubeba magunia. Baada ya muda alihamishiwa kwenye mashine ya kukoboa, na hapo ndipo akaganda. Ameona mashine tatu zikichakaa na kuuzwa chuma chakavu, yeye yupo tu.

Mashine hizo zimemharibu masikio. Kwa kuwa yeye hasikii vizuri, anadhani na wengine hatusikii, basi husema kwa sauti ya kuvuka barabara. Majirani zake wa Kagondo, anakoishi hapa mjini, wanasema akienda kitubio, foleni nzima husogea nyuma kwa heshima, na bado husikia. Habari nzuri ni kwamba dhambi zake ni zilezile kila mwaka, na nyingi zinahusu rubisi, ile pombe yetu ya ndizi.

Jambo lingine asiloweza kulificha ni mapenzi yake kwa sheria. Wengine hubeba rozari mfukoni. Yeye hubeba rozari na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kijitabu kilichochakaa mpaka jalada limekuwa laini kama kitambaa. Aliwahi kuombwa kutoa nasaha kwenye harusi moja ya mfanyakazi mwenzetu. Badala ya kuwaambia maharusi wavumiliane, alimweleza bwana harusi kuhusu likizo ya uzazi ya baba, na kwamba mwajiri akimnyima aje amwone yeye. Bi harusi alipiga vigelegele peke yake.

Sasa nisimulie habari ya kesi yangu, maana bila hiyo huwezi kumjua mtu huyu.

Mei Mosi ya mwaka 2011 nilitangazwa mfanyakazi bora wa meza ya kuchambulia kahawa. Nilipewa cheti na godoro, nikapigiwa makofi. Mwezi uliofuata msimu ulianza, tumbo likaanza kuonekana, na msimamizi wetu wa wakati ule akasema tumbo langu linaziba meza. Siku chache baadaye nilikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa utendaji usioridhisha. Godoro la mfanyakazi bora lilikuwa bado na nailoni yake.

Sikuitwa kujieleza wala kuonywa. Kabla yangu wenzangu wawili walikuwa wameondoka vivyo hivyo mimba zilipoonekana, kimya kimya, mmoja akidhani kweli kosa ni lake. Mimi nililia kidogo, kisha nikaenda kwa Byabato. Aliisoma barua mara mbili, akatoa kijitabu chake, akanionyesha mahali panaposema kwamba mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na pale panaposema kwamba kumwachisha kazi kwa sababu hiyo si halali. Akaniambia tuna siku thelathini za kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kwanza, akasema, aende kuzungumza na meneja, Bwana Rutaihwa, maana ni muungwana na huenda jambo likaishia nyumbani.

Kabla hajaenda, mama yake Bwana Rutaihwa akafariki.

Nataka msomaji auelewe vizuri moyo wa Byabato. Alifunga ndizi kwenye baiskeli, akachukua na jembe, akaenda Nshamba msibani. Alichimba kaburi pamoja na vijana, alipasua kuni, alikaa na wafiwa mpaka matanga yakaanuliwa. Meneja akarudi kazini, na kila asubuhi Byabato akawa anampa pole na kupita zake kwenda kwenye mashine. Malalamiko yangu yalikuwa yameshaandikwa vizuri na kukunjwa mfukoni mwake, karibu na rozari.

Nilimfuata Kagondo. Nilikuwa nimevimba miguu na hasira pia. Nikamwambia, "Mzee Byabato, wewe unamlilia mama wa bosi. Mimi ananililia nani?"

Akanikaribisha kiti, akapunguza sauti, jambo la ajabu kwake. Kisha akasema, kwa lile neno la heshima la Kihaya, "Waitu Mwajuma, mtu aliyefiwa na mama yake hapelekewi mashitaka. Acha arobaini ipite. Baada ya hapo nitamkabili mchana kweupe."

Arobaini! Mwanafunzi wa darasa la pili angeweza kumwambia kwamba arobaini inaizidi thelathini. Yeye mwenyewe alijua. Lakini kwa watu wa Buganguzi kuna mambo hayafanywi, na kumpelekea mfiwa karatasi ya wito kabla misa ya arobaini haijasomwa ni mojawapo. Mkewe, Benadetha, alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono. Akaniambia, "Mae! Huyu mwanamume ana roho nzuri kiasi kwamba inatutia hasara." Nilirudi nyumbani nikijua kazi yangu inapotea, na inapotea kwa sababu ya adabu.

Misa ilipopita, Byabato alimwendea meneja kama alivyoahidi. Alijibiwa kwamba suala liko kwa wakili wa kiwanda. Wakili alikuwa na jibu moja tu: muda umepita, mlango umefungwa. Ndipo Byabato alipoingiwa na hofu ya kweli, nami niliiona usoni mwake. Usiku haukumpa usingizi, Benadetha aliniambia, na chakula alikuwa anakisukuma pembeni. Tulipeleka malalamiko pamoja na maombi ya kukubaliwa nje ya muda. Kwenye maombi hayo lazima ueleze sababu ya kuchelewa, na sababu yenyewe iwe ya kueleweka.

Siku ya kusikilizwa alikuja amevaa koti la kwaya. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimekaa kwenye benchi nimeshika kiuno. Msuluhishi alipouliza kwa nini tulichelewa, Byabato alisimama akasema kwa sauti yake ile ya mashine, nadhani mpaka sokoni walisikia, kwamba aliyechelewa si huyu mama, ni yeye. Kama kuna adhabu ya kuchelewa, apewe yeye. Akaeleza habari ya msiba. Hakuipamba hata kidogo. Alisema tu kwamba alishindwa kumshitaki mtu ambaye bado alikuwa anampa pole.

Wakili alitabasamu. Akasema mlalamikaji hakufiwa, mwakilishi wake hakufiwa, na kwamba sheria haijui arobaini. Kusema kweli, hoja ilikuwa nzuri. Nilihisi mtoto akijigeuza tumboni na nikaanza kuhesabu vitumbua.

Msuluhishi akamgeukia Bwana Rutaihwa, akamuuliza kama habari ya msiba ni ya kweli. Angeweza kusema hakumbuki. Msibani watu ni wengi, na kiwanda kingeshinda kwa neno hilo tu. Alivua miwani, akaishika. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo.

"Huyu bwana ndiye alikuwa kaburini na jembe," alisema. "Alikaa nasi mpaka tukaanua matanga, hakunitajia kazi hata mara moja. Sikujua kabisa kwamba ana neno na mimi. Waitu, nikisema hapa alichelewa kwa uzembe, mama yangu atanisikia."

Wakili aliacha kutabasamu. Maombi yetu yakakubaliwa, na usuluhishi wenyewe haukuchukua muda mrefu. Bwana Rutaihwa alikiri kwamba aliisaini barua yangu bila kuniita, kwa kumwamini msimamizi. Byabato akaweka mezani cheti changu cha Mei Mosi, akauliza kwa upole ni lini hasa utendaji wangu uliharibika. Nilirudishwa kazini na haki zangu zote, nikaenda likizo ya uzazi kama binadamu wengine. Wale wenzangu wawili walioondoka kabla yangu walitafutwa. Mmoja alikubali kurudi, na yuko nasi mpaka leo.

Nilimkasirikia mzee huyu kwa wiki nyingi, na nilikuwa na haki. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi nikaona kwamba kilichotaka kunipotezea kazi ndicho kilichoirudisha. Asingekuwa amechimba lile kaburi, Bwana Rutaihwa angemtetea kwa lipi? Wazee walisema wema hauozi. Mimi naongeza kwamba wema huo nao uwe unaangalia kalenda.

Byabato alijifunza, msidhani hakujifunza. Tangu mwaka ule ana utaratibu mpya. Miaka michache baadaye tulikuwa na mgogoro na ofisa mwingine, na katikati yake ofisa huyo akafiwa na baba mkwe. Byabato alipeleka malalamiko Tume asubuhi, kisha akapitia nyumbani kuchukua ndizi, akaenda msibani na kumwambia mfiwa: pole sana kwa msiba, na utapokea karatasi yangu Jumatatu, ila leo nimekuja kulia. Walilia pamoja. Mgogoro ule nao uliisha vizuri.

Yapo mengine ya kumsifia. Ndiye aliyewapigania walinzi wetu wa usiku wapate mikataba ya maandishi. Ndiye aliyesimama na kijana mwenye ulemavu wa mguu ambaye alinyimwa kazi ya mizani, mizani ambayo husomwa kwa macho na si kwa mguu. Siku hizi kila mwajiriwa mpya hukaa naye dakika kadhaa, asikie haki zake kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo, na hakuna barua ya kuachishwa kazi inayotoka kabla mhusika hajaitwa, akasikilizwa, na mwenzake wa chama akiwa pembeni.

Lakini sisi wanawake wa mezani tutamkumbuka kwa kiti. Nilipotoka likizo ya uzazi nilikikuta kimeshatengenezwa: kiti cha mbao ya msizi, kirefu kidogo, chenye mgongo, na mbele yake amekata ubao wa meza kwa duara ili tumbo lipate nafasi. Alikitengeneza mwenyewe kwao Buganguzi, akakifunga kwenye baiskeli mpaka kwenye basi. Kwa vile msimamizi alisema tumbo linaziba meza, yeye aliona dawa ni kuikata meza. Tunakiita kiti cha Byabato. Wakati huu ninapoandika amekikalia Joanitha, ambaye siku zake zimekaribia na amegoma kuanza likizo mpaka ale pilau ya hafla hii.

Bwana Rutaihwa, ambaye naye amestaafu na yuko Nshamba, ametuma salamu na mkungu wa ndizi unaohitaji watu wawili kuubeba. Ujumbe wake ni mfupi: anasema Byabato akifika Muleba apitie kwake kwanza, kibanja kimsubiri.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kudai haki bila kuacha utu nyumbani. Tunakuombea mibuni izae, masikio yapumzike, na Benadetha akuvumilie sasa utakapokuwa naye mchana kutwa. Akichoka, akumbuke kwamba na yeye ana haki ya kusikilizwa. Kijitabu chako tunakiomba kibaki hapa tawini. Rozari nenda nayo.

Niliwahi kukuahidi kwamba mtoto yule nitampa jina lako. Akatoka wa kike, na Twaibu akakataa kata kata kuwa na Datius kwenye nyumba ya Kiislamu, basi tukamwita Mariamu. Yuko kidato cha kwanza, ana miaka kumi na mitatu na maneno mengi kama mama yake. Leo muda wa zawadi ukifika, yeye ndiye atakayesimama kukukabidhi. Mwangalie vizuri, Mzee Byabato. Hilo ndilo tumbo lililoziba meza.

Kwa Kihaya chako, ahsante sana, baba: wakora muno, tata.