Kuni za Ukuta wa Nyuma

"Kogo, hizi kuni za ukuta wa nyuma zinangoja nani?"

Chelimo alimuuliza nyanya yake swali hilo mwaka wa 1991, akiwa darasa la tatu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai. Marehemu Kogo Tecla Chepkurui alisema tu, "Wewe, ondoa mkono hapo." Kwa miaka kumi na miwili nyumba nzima iliuliza swali hilo, na nyumba nzima ikaambiwa iondoe mkono.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1928 karibu na Roret, mtoto wa nne wa familia ya wafugaji. Mamake alisimulia kwamba siku hiyo mvua ilipenya paa ikazima moto, na mtoto akakataa kunyamaza mpaka ukawashwa tena. Waliomjua hawakuona ajabu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akabatizwa tarehe 14 Disemba 1941. Mwaka wa 1948 aliolewa na Mzee Kimeli, aliyekuwa akilisha kuni boila ya kiwanda cha chai. Tecla naye alichuma majani chai katika shamba la kampuni hadi 1964, walipopanda chai yao wenyewe. Mzee ndiye aliyemfundisha kugonganisha vipande viwili vya kuni na kusikiliza. Mbichi husema *dub*, kavu husema *kang*. Tangu hapo hakuna aliyeuza kuni katika boma lile kwa amani.

Kila Januari, muuza kuni Ogada alipofika na trekta, Kogo alimsubiri langoni.

"Mama, leo nimekuletea kuni ya blugamu iliyokauka mpaka inalilia maji!"

"Kulia inalia," Kogo alisema, akisukuma kipande kimoja motoni. Mara povu likatoka upande wa pili. "Ona machozi. Huyu bado ananyonya, Ogada. Kwa nini umemtoa kwa mamake?"

"Ai, mama! Si utamlea?"

Na kweli aliwalea. Kuni zilipangwa juu ya mawe zisiguse udongo, chini ya mabati, na kati ya kipande na kipande mkono wa mtoto uweze kupita ili upepo upite. Zilizonunuliwa mwaka huu hazikuchomwa mwaka huu wala mwaka ujao. Mkaza mwana wake, Janeffer, aliyeishi naye miaka kumi na saba, alizoea kusema kwamba katika boma hili kuni hulala pakavu kuliko watu. Akipanga rundo vizuri, Kogo alilibomoa. Akilipanga upya, alilibomoa tena, kisha akauliza chai iko wapi.

Lakini hizo zilikuwa kuni za mbele, na mwishowe zilichomwa. Za ukuta wa nyuma, zote za mti wa muwati, ziliwekwa mwaka wa 1985, mwezi mmoja baada ya Mzee Kimeli kuzikwa. Siku ya mazishi yale ilinyesha tangu asubuhi, na kuni zilizonunuliwa haraka haraka zilikuwa mbichi. Waombolezaji walikula jioni, tena wali ulioiva nusu, na jikoni hakuonekana mtu kwa moshi. Mazishi ya mtu wa boila, jamani! Kogo alianza tu kupanga kuni.

Mwaka wa 1993 mvua ya mawe ilimfungia pasta nyumbani kwa Kogo, naye akatetemeka mpaka kikombe kikagonga sahani. Janeffer akaona aibu, akachukua kipande kimoja cha nyuma na kukitia motoni. Kogo alikuwa amefumba macho kwa maombi. Kuni ilipolia *kang* kwenye mafiga, akayafumbua.

"Hiyo si ya mbele."

Aliichomoa kwa mkono, akaizima nje kwenye mvua ya mawe, akairudisha mahali pake. Kisha akamwambia pasta, "Endelea, ulikuwa umefika kwa wagonjwa." Kipande hicho kilibaki ukutani na ncha yake nyeusi.

Alianza kuugua kifua Mei 1997. Mwezi wa saba kuni kavu za mbele ziliisha, na baridi ikazidi. Janeffer alimpigia magoti kando ya kitanda.

"Mama, unakufa baridi na kuni kavu zimejaa pale! Tuchome hata mbili."

"Ondoa mkono."

Janeffer alitoka nje akilia kwa hasira, akashika shoka, akapasua nyumba ya kuku yote, akaja akawasha. Kogo alinusa moto huo kwa muda mrefu. "Hii inanuka kuku," alisema, "lakini imekauka. Umejifunza." Kuku wamelala jikoni tangu siku hiyo. Kogo alilala na joto mpaka mwisho. Alituaga alfajiri ya Jumanne, tarehe 22 Julai 1997, akiwa na miaka sitini na tisa.

Ameacha mwanawe Johana, mkaza mwana Janeffer, wajukuu watano, ng'ombe watatu, na Ogada, ambaye anasema sasa hajui atamwogopa nani.

Leo asubuhi Janeffer alifungua rundo la ukuta wa nyuma. Kipande chenye ncha nyeusi ndicho kilichotangulia motoni. Mvua inanyesha kama mnavyoona, lakini sufuria zimechemka mapema na jikoni watu wanaonana uso kwa uso. Mungu amlaze mahali pakavu.

Jumapili, siku mbili kabla hajatuaga, Chelimo alimuuliza swali lile lile: kuni zile zinangoja nani? Kogo alikohoa, akapumzika, akajibu:

"Siku ya babu yako watu walinisifu. Walisema Tecla amemlilia bwana yake vizuri. Kumbe nilikuwa nalia moshi. Machozi ya kumlilia yeye, mpaka leo sijui yalienda wapi. Zile zinaningoja mimi. Siku yangu sitaki mtu alie moshi. Mwenye kulia, anililie mimi."