Umeme Ulikatika, Maneno ya Mama Yakapona

Bwana asifiwe! Hapana, mniitikie kwa nguvu, maana leo nimesimama mbele yenu nikiwa na hasira. Mchungaji ameniambia niseme tu, Mungu ameshaiona.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Mimi ni Riziki wa Bwiza, katibu wa kwaya, yule anayewasumbua kwa simu mkichelewa mazoezi. Mama yangu mlimzika pamoja nami mwaka jana. Alikimbia vita Uvira, akavuka mpaka na watoto, akauza ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, hapa Bwiza mpaka miguu ikakataa. Alipolala kitandani akanipa kazi ya kuandika maisha yake. Hakutaka kurekodiwa, alisema sauti yake haitabaki kwenye simu za watu. "Mi nasema, we unaandika," aliniambia. Nikaketi kando ya kitanda, kompyuta mapajani, nikaandika neno kwa neno kama alivyolitamka. Tulimaliza, naye akaenda zake kwa Bwana. Kwa hiyo mnielewe: wa kumuuliza tena hayupo.

Faili hiyo niliitia kwenye foda yake, nikaiweka kwenye akaunti ya kwaya. Msinicheke! Nyote mnaijua. Ndugu yetu aliye Kanada alitulipia nafasi kubwa huko mtandaoni, tuweke nyimbo na video, na neno la siri tukapeana kama watu wanavyopeana chumvi. Kila mwenye simu analo. Niliambiwa ukiweka kitu humo, hata kompyuta ikiibiwa kitu chako kipo. Nikaamini. Hakuna aliyeniambia kwamba ile si ghala, ni kioo tu, na unachokiondoa huku kinaondoka na kule.

Asubuhi moja nikawasha kompyuta yangu. Foda ya Mama ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu! Nikaunganisha intaneti ya simu, na foda ikatoweka nikiitazama. Nikatafuta kwenye simu, hakuna. Nikaingia kwenye akaunti yenyewe, nikafungua pipa la taka, maana vilivyofutwa hukaa humo kwanza. Pipa tupu! Nikawaandikia wenye huduma, wakanijibu kwa maneno matamu ya mashine kwamba wanaelewa masikitiko yangu. Wanaelewa nini?

Nikampigia ndugu Fabien, kiongozi wetu wa kwaya. Usiiname, Fabien, nilikwambia nitakutaja.

"Dada, ile nafasi ilijaa," akasema. "Video ya ndoa ilikataa kuingia. Mi nikatoa vitu ya zamani. Na ile pipa nikaimwaga pia, bila hivyo nafasi hairudi."

Vitu ya zamani! Nikamuuliza kama hakusoma jina la foda. Akasema alisoma, imeandikwa MAMA, akadhani ni nyimbo za Siku ya Akina Mama. Kisha akaniongezea, kwa sauti ile ya maombi, kwamba tuseme ni mapenzi ya Mungu.

Ndugu zangu, damu ilinichemka! Usimtwike Mungu kazi ya kidole chako! Na si Fabien peke yake. Wengine mlio hapa mlinijia na pole za kuchoma. Ni faili tu, mkasema, utaandika nyingine. Kuna waliopoteza nyumba, mkasema. Mmoja alinishauri nifunge, mimi ambaye chakula kilikuwa hakipiti! Aibu yenu. Mtu akilia, si lazima umpimie machozi.

Nikamkasirikia na Mungu mwenyewe, siwafichi. Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma, ninyi mnaimba, mimi nimefunga mdomo. Nikamwambia moyoni: umemchukua Mama, sawa, ni wako. Na maneno yake ulikuwa na haja nayo gani?

Hapo hapo, nikiwa nimenuna, ikanijia ile kompyuta ya zamani! Ile niliyoandikia kando ya kitanda. Baada ya mazishi nilinunua nyingine, ile nikampa dada yangu mkubwa Vumilia wa Ngagara, ninayemwita yaya, watoto wake wajifunzie. Chaja ikafa, wakaitupa juu ya kabati. Haikuwashwa tena, kwa hiyo haikuwa na habari kwamba Fabien amefuta. Mama alikuwa bado yumo ndani!

Nikatoka kabla ya sadaka, mtanisamehe, nikampigia Vumilia, nikamwambia maneno ya Mama yamo kwenye ile mashine ya kabatini. Dada yangu ana huruma, na huruma yake nusura iniue.

"Hata usisumbuke," akaniambia. "Naomba chaja kwa jirani, sasa hivi naiwasha. Wifi ya hapa inaijua, nakutumia hiyo faili mara moja."

"Apana, yaya! Zima! Zima wifi!"

Simu ikakatika, salio limeisha.

Nilijua kinachokuja, nilishakiona kwa macho yangu. Ile mashine ikigusa intaneti tu, itaambiwa foda ilifutwa, nayo itatii. Mabasi hakuna, magari yote yamepanga foleni ya mafuta. Nikavua viatu vya ibada nikakimbia peku. Nikakatiza mtaa wa Buyenzi, nikavuka mto Ntahangwa, kitenge nimekishika mkononi, watu wananishangaa. Mnafikiri nilisali vizuri? Nilifoka! Bwana, nikasema, kama una kitu cha kufanya kifanye sasa, kesho sikitaki!

Nikamkuta Vumilia mlangoni, mikono kiunoni, amevimba.

"Ona hawa watu! Mashine ilikuwa bado inazunguka, haijafunguka hata, wamekata umeme! Watatuua hawa!"

Haleluya! Umeme huu tunaoulaani, unaotuozeshea nyama na kutuzimia vipaza sauti katikati ya mahubiri! Betri ya mashine ile ilishakufa zamani, umeme ulipokwenda nayo ikazimika papo hapo. Nilipiga magoti kwenye vumbi la Ngagara, dada yangu akidhani nimeanguka. Kisha nikaingia, nikachomoa kisanduku cha wifi ukutani, nikakitia kwenye mkoba wangu. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia ndiyo, na asikiguse.

Umeme ukarudi jioni. Tukawasha, kisanduku kikiwa bado mkobani. Mashine ikazunguka mpaka nikataka kuipiga, halafu foda ya Mama ikatokea. Nikaifungua. Yote yamo, hata makosa yangu ya kuandika! Vumilia akaanza kusoma kwa sauti, akashindwa, akajifunika uso. Tukainakili kwenye flashi, moja yake na moja yangu, na kesho yake nikapeleka ichapwe kwenye karatasi.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nikifoka. Na wewe uliyepoteza kitu, unayeambiwa unyamaze kwa sababu ni mapenzi yake, nakusihi usinyamaze. Mlilie, mgombeze ukitaka, yeye hakimbii. Halafu inuka ukatafute, huku unamtumaini. Na mwenye mzazi aliye hai, aandike maneno yake leo, ayaweke sehemu zaidi ya moja, na moja isiwe na intaneti kabisa.

Neno la siri la kwaya nimelibadilisha. Asinijie mtu kuniomba.

Fabien, sijakusamehe bado. Kanisa liniombee, nitafika, lakini leo sijafika. Keti vizuri unisikilize, nataka uwe wa kwanza kusikia ulichofuta. Huu hapa ni mwanzo wake, Mama yangu anasema:

"Andika hivi, Riziki. Mi sikuzaliwa mukimbizi. Nilizaliwa mutoto ya mutu."