Kuni Mlangoni kwa Rosenda Ixtamer

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii nasema nanyi nikiwa na moyo mzito. Mama Rosenda Ixtamer ametutoka. Narudia, kwa walioko kwenye mashamba ya kahawa huko juu ambako redio inakwaruza: Mama Rosenda Ixtamer, muunga mifupa wa San Tadeo, amefariki Jumatano akiwa na miaka sabini na minne.

Nani kati yetu hajapita mikononi mwake? Kiwiko changu cha kushoto ni kazi yake. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi wa watu. Alipokishika akaniuliza, "Hayo maparachichi angalau yalikuwa yameiva?" Nikacheka, na hapo hapo akavuta. Nilipiga ukelele uliosikika sokoni.

Mama Rosenda alikuwa na maneno matatu ya kumpa mgonjwa. Siku za mwanzo alikubonyeza taratibu akasema, "Inatulia." Wiki zikipita, "Inashika." La tatu lilikuwa "Umepona," na hilo hukulipata kwa kubembeleza. Ulishuka ziwani kwa miguu yako, ukafunga mzigo wa kuni, ukaupandisha mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, mpaka mlangoni kwake. Peke yako. Yeye alikaa kizingitini akitazama unavyokanyaga. Kuni zikitua chini, ndipo alipolitamka. Alirithi utaratibu huo kwa bibi yake.

Hakuna aliyekwepa. Padri wetu alipoumia kifundo cha mguu, siku ya kuni alifika na punda. Mama Rosenda akasimama mikono kiunoni. "Padri, aliyevunjika ni wewe au punda?" Padri akarudi ziwani na mzigo wake, akaanza upya. Tulimcheka wiki nzima, Mungu atusamehe.

Wengi walidhani ni ukali. Haukuwa ukali, wasikilizaji wapendwa. Kuna mtu mmoja tu ambaye Mama Rosenda alimpa neno la tatu bila kuni. Mtu huyo ni mdogo wake, Gaspar.

Ni miaka arobaini na mitano sasa. Gaspar alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliteleza kwenye mtelemko na gunia la kahawa, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Dada yake akaunga, akafunga mabanzi. Shida ni kwamba mwaka huo Gaspar alikuwa amechaguliwa kubeba sanamu ya mtakatifu wetu kwenye maandamano ya sikukuu, nguzo ya mbele. Mnajua hapa kwetu mtu husubiri nafasi hiyo miaka mingapi. Wengine hufa wakiisubiri.

Mkesha wa sikukuu, mfupa ulikuwa na wiki sita. Gaspar mwenyewe amenisimulia.

"Nilimwambia, dada, niangalie, natembea. Akasema, inashika, subiri. Nikamwambia, mtakatifu hasubiri. Mama yetu naye akadakia, 'Wewe Rosenda, mpe mtoto neno lake, roho yake itulie!' Dada alinitazama sana. Alikuwa ananipenda mno, hiyo ndiyo shida. Akasema, 'Haya. Umepona.'"

Kwenye kona ya tatu, pale penye tanuri la mikate, mguu ukavunjika tena. Wenzake walimdaka mtakatifu. Gaspar hakudakwa na mtu.

Mfupa uliungwa mara ya pili, lakini mguu ukabaki mfupi. Gaspar hakumbeba tena mtakatifu, na mpaka leo anachechemea. Hakumlaumu dada yake hata siku moja. Aligeuza mzaha. Kila Jumapili alikwenda kula kwake, na kabla hajakaa aliuliza, "Dada, nimepona?" Naye, bila kugeuka kutoka kwenye chapati zake za mahindi, alijibu, "Inatulia." Miaka arobaini na mitano, jibu ni hilo hilo. Tomasa, binti yake, anasema: "Mjomba akiondoka, mama alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya shali. Anasingizia moshi. Na hizo siku nyingine moto ulikuwa umezimika kabisa!"

Mwaka huu Mama Rosenda akaanguka jikoni, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu, wakamrudisha nyumbani. Alijibonyeza mwenyewe, akamwambia Tomasa, "Hii haishiki." Alisema hivyo kama anavyosema chumvi imekwisha.

Gaspar akapata habari. Jumamosi asubuhi akashuka ziwani.

Mtu wa miaka sitini na saba, mguu mfupi, fimbo mkononi, kuni mgongoni. Vijana walitaka kumpokea. Akawatukana matusi ambayo siwezi kuyatamka kwenye kituo hiki. Njia ya dakika ishirini ilimchukua saa moja na nusu. Watu walitoka milangoni kumtazama. Tomasa akamsogeza mama yake ili aone mlango.

Gaspar akaingia, akazitua kuni.

"Bado unachechemea," dada akasema.

"Nachechemea, ndiyo. Nitachechemea mpaka kaburini. Lakini kuni si hizi hapa?"

Mama Rosenda akaziangalia. Akamwangalia yeye, tangu fimbo mpaka usoni.

"Umepona, Gaspar."

Gaspar akakaa juu ya kuni zake akalia. Kisha akamshika dada yake mkono, akamwambia, "Na wewe je? Si uache sasa hilo jambo? Acha, dada." Mama Rosenda akaitikia kwa kichwa. Tomasa anasema usiku ule mama yake alilala usingizi mzito, kama mtoto. Jumatano akatutoka.

Kahawa tuliyokunywa msibani ilichemshwa kwa kuni zile.

Kwako Gaspar, kwako Tomasa, na ukoo wote wa Ixtamer, kituo hiki kinawapa pole. Tumelia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kaa kidogo leo ujiulize: kuna mtu anayesubiri umpelekee kuni? Usingoje miaka arobaini na mitano. Njia ni fupi kuliko unavyofikiri.

Nina tangazo moja, na familia imeniomba nilisome polepole. Mama Rosenda ameacha wagonjwa wanne ambao bado hawajapata neno lao. Msihangaike. Alipanga mwenyewe kabla hajafa. Mikono ya kuunga itakuwa ya Tomasa. Lakini kizingitini, kuwatazama mnavyopanda na kuni, atakaa Gaspar. Neno la tatu mtalipata kwake, na kwake tu.

Na anasema msije na punda.